Wajomba wanataka shujaa, mimi ninachokumbuka ni uji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yetu mzaa mama amefariki, tumemzika kijijini, Butiama, na zimebaki siku 19 tufanye arobaini na kusimika msalaba. Familia imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake upya, kwa sababu ule wa siku ya mazishi uliandikwa usiku kucha na ulikuwa na makosa. Babu alizaliwa 1950, akaingia jeshini 1971, akapigana Vita vya Kagera, akastaafu 1994. Vita vyenyewe hakuwahi kutusimulia. Tulichonacho ni medali mbili, picha moja akiwa na kombati, na barua ya kustaafu. Mimi alinichukua nikiwa na miaka 4, mama yangu alipofariki. Alinilea yeye na Bibi, na Bibi alipotangulia akaendelea peke yake. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kukoka moto na kunipikia uji, na viatu vyangu vya shule alikuwa ameving'arisha tangu usiku na kuvipanga mlangoni vimeelekea nje. Nimeandika hayo, wajomba wameyakataa. Mjomba mkubwa, aliyezaliwa 1974, ndiye mkali zaidi. Anasema wasifu wa shujaa wa vita si mahali pa hadithi za uji. Nikijaribu kuandika ya vita naona namwandika mtu nisiyemjua. Nifanyeje? – Mjukuu, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Uji ubaki. Vita navyo viingie, kwa kiasi kile tu unachoweza kukisimamia mbele ya watu. Na kabla hujaandika mstari mwingine, kuna mtu mmoja inabidi ukaongee naye. Huyo nitamtaja mwishoni, maana ukimfuata sasa hivi mikono mitupu mtaishia kugombana.

Nimehariri wasifu wa marehemu wengi, wa walimu, wa makasisi, wa wafanyabiashara, na wa wanajeshi wastaafu ndio unaonipa kazi kuliko wote. Sababu ni kwamba kila mtu msibani anadhani anajua mwanajeshi alifanya nini. Aliyemjua marehemu akiuza nyanya sokoni atasema aliuza nyanya. Aliyemjua akiwa jeshini, au aliyesikia tu kwamba aliwahi kuwa jeshini, atakuambia marehemu aliingia Kampala akiwa juu ya kifaru.

Anza na vitu. Zitoe hizo medali kwenye kabati uzipige picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirisha, asubuhi. Usizisugue. Najua Babu yako huenda alizisugua mwenyewe kila mwaka, wanajeshi wana ugonjwa wa kung'arisha, lakini kila unaposugua herufi zinalika, na herufi ndizo unazozihitaji. Soma kilichoandikwa. Askari wa rika lake wengi walipewa nishani ya vita vya Kagera. Aliyetumikia miaka mingi bila doa alipewa ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Familia nyingi huikumbatia ya kwanza na kuiacha ya pili kwenye kopo la vifungo. Mimi nikiiona ya pili ndipo ninapokaa sawa kwenye kiti, kwa sababu vita vyenyewe vilikwisha ndani ya miezi michache, na utumishi ni miaka 23 ya kuamka, kukaguliwa, kuhamishwa na kutii. Kama medali yake ya pili ndiyo hiyo, una sentensi nzuri hapo na wajomba hawataipinga.

Halafu barua ya kustaafu. Tafuta mambo matatu tu: namba yake ya jeshi, ambayo kwa askari huanza na herufi MT, cheo alichostaafu nacho, na kikosi chake cha mwisho, ambacho huandikwa kwa tarakimu na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Yaandike jinsi yalivyo, usitafsiri wala kupamba. Ukiwa na namba hiyo familia inaweza kwenda kambi iliyo karibu kuuliza utaratibu wa kupata kumbukumbu zake. Msitegemee majibu kabla ya arobaini. Ombeni tu, yatawafaa wajukuu wengine baadaye.

Picha nayo igeuze. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna mhuri wa studio, tarehe, au maneno ya kalamu ambayo mwenye picha alimwandikia mkewe. Mbele, angalia mkono wa shati. Alama moja ya V ni koplo usu, mbili ni koplo, tatu ni sajenti. Nakuambia hivyo kwa sababu ya jambo linalonikera kupita kiasi: kijijini kila mwanajeshi mstaafu huitwa Meja. Mtu anastaafu na ukoplo wake wa heshima kabisa, anafungua kibanda cha kukodisha baiskeli, baada ya miaka mitano ni Meja, na akifa mjukuu anaandika Meja kwenye msalaba. Wenzake wanaokuja kumzika wanasoma, wanatazamana, wanainamisha vichwa kwa adabu. Marehemu hapandishwi cheo na mjukuu wake. Kama alikuwa koplo, andika koplo. Kwenye vita vile akina koplo ndio waliotembea.

Na walitembea kweli. Hapa nikupe ramani fupi ya vita, maana huwezi kuuliza swali la maana kama hujui mtu angeweza kuwa wapi na lini.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakapora ng'ombe na mali, na mapema Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Mkoa wenyewe wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera lilikuja baada ya vita, kwa hiyo ukikuta barua au bahasha ya Babu imeandikwa Ziwa Magharibi usidhani alikosea, na pia umeshapata kipimo cha tarehe. Vikosi vyetu vingi vilikuwa mbali na huko. Vilikusanywa kutoka pembe nyingine za nchi, na malori na mabasi, hata ya watu binafsi, yakachukuliwa kubeba askari na shehena. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT wakaongezwa. Adui akatolewa, halafu Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, mwishoni mwa Februari Masaka na Mbarara, Machi pakawa na mapigano makali ya Lukaya ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin, Aprili 7 Entebbe, Aprili 11 Kampala. Kutoka pale walisonga mbele mashariki na kaskazini mpaka mpaka wa Sudan, na vita vikahesabiwa vimekwisha Juni 3, 1979. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ya miguu, na mvua za masika kichwani.

Sasa angalia hapo penye Masaka na Mbarara. Hapo ndipo njia zilipogawanyika, na hapo ndipo wasifu mwingi unapoharibika. Waliopitia Masaka walikwenda Lukaya, wakaenda Kampala. Lakini wapo waliopitia Mbarara chini ya Silas Mayunga, yule aliyeitwa Mti Mkavu, wakaelekea magharibi ya Uganda, Fort Portal na kwingineko. Askari wa upande huo anaweza kuwa alipigana vita vizima na hakuiona Kampala hata kwa mbali.

Nimewahi kukaa kwenye msiba ambapo kijana alisoma kwa sauti nzuri sana kwamba babu yake alikuwa wa kwanza kuingia Kampala. Nyuma yangu walikaa wazee wanne, makoti ya suti yaliyopauka, medali kifuani. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Tulikuwa naye Fort Portal, au namchanganya?" Mwenzake akajibu, "Nyamaza, tumalize kuzika." Kijana hakusikia. Mimi nilisikia, na tangu siku hiyo kila anayeniletea wasifu wa askari wa Kagera namwuliza swali hilohilo: Masaka au Mbarara? Asipojua, tunaandika "alishiriki Vita vya Kagera" na tunaishia hapo. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukweli wake unatosha kuwafanya wale wazee wanne wanyooshe migongo.

Wewe una siku 19, kwa hiyo unaweza kujua zaidi. Mara imetoa askari wengi mno, hutakosa mstaafu wa rika la Babu ndani ya mwendo wa bodaboda. Waulize walioshika jeneza. Uliza walioweka saini kitabu cha rambirambi. Wastaafu nao wana chama chao, MUWAWATA, na wanajuana hata waliopotezana miaka 30. Ukimpata mmoja, nenda mwenyewe, usipige simu. Chukua ile picha na sukari kilo mbili. Mpe picha aishike, halafu nyamaza. Usimwulize kama waliua. Usimwulize kama waliogopa. Mwulize walikula nini. Mwulize nani alikuwa anachekesha kombania nzima. Mwulize viatu vilipochakaa walifanyaje. Kwa njia hiyo atakuambia mengine yote bila wewe kuyauliza, au hatakuambia, na ukimwona anaangalia mbali kwa muda mrefu, wewe kunywa chai yako na umwulize habari za mifugo.

Inawezekana utagundua kwamba Babu alikuwa dereva, au mpishi, au fundi, au mtu wa mawasiliano. Wajomba watashuka moyo kidogo. Wasishuke. Pale Dar es Salaam katikati ya mji kuna Sanamu ya Askari, ilisimikwa 1927 kwa ajili ya waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake hayakuwasahau wapagazi, yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Hata mkoloni, ambaye hakuwa mwepesi wa kutushukuru, hilo aliliona. Aliyepeleka maji Lukaya alikuwa Lukaya.

Ushauri mmoja mdogo hapa. Karibu kila wasifu wa mpiganaji wa Kagera ninaoletewa unafunguliwa kwa maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, yale ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ni maneno makubwa na yalitikisa nchi. Ila ni ya Mwalimu. Wasifu wa Babu yako uanze na Babu yako.

Tuje kwenye kunyamaza kwake, maana naona ndiko kunakokuuma. Unasema unamwandika mtu usiyemjua. Hakuna mjukuu anayemjua babu yake akiwa na miaka 28. Kunyamaza kwenyewe ni jambo ulilolishuhudia miaka yote, na kwa hiyo una haki ya kuliandika. Andika hivi: "Habari za vita hakutusimulia." Nukta. Usiongeze "kwa sababu ya machungu aliyoyaona," kwa kuwa hukumsikia akisema hivyo. Wapo walionyamaza kwa machungu. Wapo walionyamaza kwa kiapo cha kazi, na wapo walioona hapakuwa na cha kusimulia. Wengine walisimulia sana, kilabuni, kwa wenzao tu. Wewe huna njia ya kujua yeye alikuwa wa kundi gani. Ukiliacha wazi, kila atakayekaa chini ya turubai siku ile ataingiza mzee wake mwenyewe hapo.

Lakini sikubali kwamba hujui chochote cha uaskari wake. Soma tena barua yako. Uji saa kumi na moja alfajiri. Viatu vimeng'arishwa usiku, vimepangwa mlangoni, vimeelekea nje. Mwanangu, raia huvua viatu vikiwa vimeelekea ndani, jinsi alivyoingia, na asubuhi hugeuka akajikunja kuvivaa. Mtu anayevigeuza usiku vikatazama nje ni mtu aliyefundishwa kwamba huenda akaamshwa gizani na asiwe na muda wa kutafuta mguu wa kulia. Miaka yote ile ulivaa viatu vyako vya shule kwa utaratibu wa jeshi na hukujua. Nina hakika ukikaa chini na daftari utapata mengine. Alikunjaje blanketi? Alikula haraka? Alikaa upande gani wa chumba, mlango ulikuwa mbele yake au nyuma? Alikuitaje ukichelewa? Alipiga mluzi? Shamba lake mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya jirani?

Ndiyo maana nasema wajomba wamekosea kuutenganisha uji na vita. Mikono ni ileile.

Nikuonyeshe jinsi ambavyo ningeandika kipande hicho kwa kutumia yale tu uliyoniambia, bila kuongeza hata punje:

"Babu alistaafu mwaka 1994, lakini saa kumi na moja alfajiri haikustaafu. Saa hiyo ndiyo aliyokoka moto na kuinjika uji wa mjukuu aliyemchukua akiwa na miaka 4. Viatu vya shule alikuwa amekwisha kuving'arisha usiku. Alivipanga mlangoni, vimeelekea nje. Habari za vita hakutusimulia."

Sentensi tano. Hakuna mahali palipoandikwa shujaa, wala mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, mcha Mungu. Maneno hayo manne ya mwisho yapo kwenye kila wasifu niliowahi kuhariri, na nimehariri wa watu wawili watatu ambao, Mungu awarehemu, hawakuwa hata na moja kati ya hayo. Msikilizaji akisikia "mpenda watu" anaangalia saa. Akisikia viatu vimeelekea nje anaviona.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kuzaliwa, ukoo, shule, ndoa: aya moja, majina yaandikwe sawasawa, na mwonyeshe mzee wa ukoo kabla ya kuchapa. Kama mwaka 1950 ni wa kukadiria, andika "mwaka 1950 hivi", hakuna aibu, wengi wa rika lile miaka yao ilipangwa na karani. Ugonjwa: sentensi moja. Wasifu mwingi wa kwetu una hospitali nyingi kuliko maisha, tunaanza na kifua kubana, tunahamishiwa rufaa, tunarudi, tunapimwa tena, na mtu aliyeishi miaka zaidi ya 70 anakumbukwa kwa wiki zake 3 za mwisho. Watoto na wajukuu aliowaacha: hesabu ihakikiwe na watu wawili, hapo ndipo ugomvi mkubwa wa arobaini unapozaliwa. Urefu usizidi kurasa mbili. Mshereheshaji atakuwa na haraka, na jua la saa saba halina heshima kwa mtu yeyote.

Yasiyopendeza je? Hukunitajia, lakini kila mtu anayo. Kama alikuwa mkali kupita kiasi, au alikunywa, au kulikuwa na mtoto wa nje ambaye hakutajwa siku ya mazishi, hayo ya mwisho hasa yanahitaji kikao cha familia, si kalamu ya mjukuu. Kanuni yangu ni hii: usiandike uongo wa kuyafunika. Unaweza kuliacha jambo bila kulitaja. Ukiandika "hakuwahi kupandisha sauti" na watoto wake sita wanakumbuka sauti ile, umewafukuza watu sita pale pale walipokaa.

Bibi usimwache kwenye mstari wa "alifunga ndoa na". Angalia miaka. Babu alipokuwa mbele, Bibi alikuwa nyumbani na watoto wadogo katika nchi iliyoambiwa ifunge mkanda miezi 18, na mkanda wenyewe ukakaa umefungwa miaka. Sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari ilikuwa ya foleni. Chumvi, mafuta ya taa, kitenge, vyote foleni, na anayerudi na nusu mche wa sabuni alionekana ameshinda. Vita vya Kagera vilipiganwa na kwenye duka la kijiji, alfajiri, mtoto mgongoni. Kama yupo mama yeyote wa rika la Bibi aliye hai, muulize walipataje habari za waume zao. Wengine hawakupata mpaka waliporudi, au waliposikia jina likitajwa miongoni mwa waliozikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo mkoani Kagera. Weka aya ya Bibi. Hakuna atakayeikataa, na akina mama wote chini ya turubai watakaa kimya kabisa ikisomwa.

Sasa yule mtu. Ni mjomba wako mkubwa.

Uliponiandikia kwamba alizaliwa 1974, nilichukua kalamu nikapiga hesabu pembeni. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 4. Vita vilikwisha Juni 1979, lakini askari wetu wengi hawakurudi siku hiyo, Uganda ilikuwa haijatulia na wengine walibaki huko mpaka 1981. Sijui kama Babu yako alikuwa miongoni mwao, ila mjomba atakuwa anajua. Kama alikuwa, basi baba aliondoka mtoto ana miaka 4 akarudi mtoto ana miaka 7. Na hata aliporudi alirudi kambini. Nyumbani alikuja kwa likizo, na begi, na sheria. Alipostaafu 1994 mjomba alikuwa kijana wa miaka 20, ndevu zimeota, hahitaji mtu wa kumpikia uji.

Wewe alikuchukua ukiwa na miaka 4.

Mjomba wako hakupata uji. Alichopata ni ile picha ya kombati ukutani, na mama yake akimwambia, "Baba yako yuko kazini, analinda nchi." Miaka yote alilipia ushujaa ule kwa kukosa baba, na sasa mzee amekufa, mjukuu anakuja na karatasi inayosema mzee alikuwa mpole, aliamka alfajiri, aling'arisha viatu vya mtoto. Fikiria anaisikiaje karatasi hiyo. Anaposema shujaa, analinda kitu pekee alichopewa. Ukikifuta, wewe umebaki na babu, yeye amebaki na nini?

Kwa hiyo usiende kwake kumshawishi akubali uji. Nenda ukamwombe sura inayokosekana, kwa kuwa ni yeye peke yake aliye nayo. Wewe una viatu vya mlangoni. Barua ya kustaafu ina namba na cheo. Mstaafu mwenzake atakupa Masaka au Mbarara. Kuanzia Oktoba 1978 mpaka siku ile mzee aliporudi, nyumba ile ilikuwaje, mwenye habari hiyo ni mtoto aliyekuwepo, na mkubwa kati yao ni yeye. Iandike kwa maneno yake, na siku ya arobaini mpe aisome mwenyewe. Wewe usome ya uji, yeye asome hiyo.

Nenda jioni, watu wakiwa wachache. Salimia vizuri. Usichukue daftari siku ya kwanza. Na swali la kumwuliza si la vita. Mwulize siku baba yake aliporudi, akateremka kwenye gari na begi lake, kama alimtambua.